Sindano ya Ganzi kwenye Mshipa wa Fahamu: Inamfaa Nani?



Katika somo letu la mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya maumivu ya siku nyingi, hasa ya mgongo, nyonga, bega na mkono. Tutaeleza juu ya sindano inayochomwa karibu na mshipa wa fahamu ili kutuliza maumivu hayo bila mgonjwa kupasuliwa.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya maswali tunayoulizwa na watu wa Ipogolo. Kama mjuavyo, Ipogolo iko chini ya mlima wa mji wa Iringa, pale inapopita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na inapoanzia barabara ya Kilolo. Hapo malori hupita usiku na mchana. Wapo vijana wanaopakia mbao na magunia ya viazi, kina mama wanaobeba ndoo za nyanya, na wakulima walioinama na jembe tangu utoto. Mahali pa kazi za namna hiyo migongo haikosi kuuma.

Mmoja hutuambia, "Sista, nimesikia kuna sindano moja tu, ukichomwa mgongoni unapona kabisa. Inapatikana wapi?" Mwingine husema, "Mimi sindano ya mgongo siitaki, nisije nikapooza." Watu hawa wawili wote wanahitaji kuelezwa vizuri. Wa kwanza anaweza kuuza mbuzi wake wote akitafuta kitu kisichokuwapo. Wa pili anaweza kukataa msaada ambao ungemfaa.

MAUMIVU YA SIKU NYINGI NI YAPI?

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Ukikanyaga mwiba, maumivu hukuambia uuondoe. Ukivunjika mkono, hukukataza kuutumia mpaka mfupa uunge. Maumivu ya namna hii huisha jeraha linapopona.

Lakini yapo maumivu yanayodumu kupita miezi mitatu. Hayo wataalamu huyaita maumivu sugu. Mara nyingine ugonjwa wenyewe bado upo, kwa mfano baridi yabisi au saratani. Mara nyingine jeraha limekwisha kupona, lakini mishipa imezoea kutoa habari ya maumivu. Ni kama mbwa aliyebweka usiku kucha: mwizi ameshakwenda zake, yeye bado anabweka. Mgonjwa wa namna hii hasingizii wala si mvivu. Maumivu yake ni ya kweli, hata kama picha ya eksirei haionyeshi kitu.

MSHIPA WA FAHAMU NI UPI?

Katika Kiswahili chetu neno mshipa lina kazi nyingi. Tunasema mshipa wa damu, tunasema mshipa wa fahamu, na wengine wakisema "ana mshipa" wana maana ya ngiri. Leo tunazungumzia mshipa wa fahamu tu.

Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu. Inatoka katika ubongo, inapita ndani ya uti wa mgongo, kisha inatokeza katikati ya pingili na kuenea mwili mzima. Inapeleka amri za ubongo kwenye misuli, na inarudisha ubongoni habari za joto, baridi, mguso na maumivu.

Kati ya pingili moja na nyingine kuna gegedu laini, ambalo hufanya kazi kama mto wa kukalia. Gegedu hilo likichomoza linaweza kuugusa mshipa wa fahamu na kuuwasha. Hapo mtu huhisi maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako na kushuka mguuni hadi kwenye kidole, kama moto au kama shoti ya umeme. Vivyo hivyo, mshipa unaopita kwenye kifundo cha mkono ukibanwa, vidole hufa ganzi na kuuma, hasa usiku.

SINDANO HII SI NGENI KWETU

Wengi wenu mmekwisha kuchomwa sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu bila kujua jina lake. Aliyeng'olewa jino la chini akasikia nusu ya mdomo imekufa ganzi, alichomwa karibu na mshipa wa taya. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akiwa macho, akamsikia mtoto wake akilia huku miguu yake haimtii, alichomwa ganzi ya mgongo.

Habari zake ni za zamani. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna, katika nchi ya Austria, alionyesha kwamba jicho likitiwa matone ya kokeini linaweza kupasuliwa bila mgonjwa kusikia maumivu. Mwaka 1898 daktari August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliingiza dawa hiyo katika maji yaliyomo ndani ya uti wa mgongo, akampasua mgonjwa mguu. Bier alikubali kujaribiwa mwenyewe pia, akaugua kichwa kwa siku kadhaa. Mwaka 1901 daktari Jean-Athanase Sicard wa Paris, Ufaransa, aliitumia sindano ya sehemu ya chini ya mgongo kwa watu wenye maumivu yanayoshuka mguuni. Kokeini ilikuwa na hatari nyingi. Kwa hiyo wataalamu walitafuta dawa nyingine, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lignokeini. Hiyo ndiyo tunayoitumia hospitalini hadi leo.

Hapa tujibu hofu ya kina mama. Wengi hutuambia kwamba mgongo unawauma kwa sababu ya sindano waliyochomwa wakati wa kujifungua. Ni kweli pale ilipochomwa sindano panaweza kuuma kwa siku chache, na wengine huumwa kichwa. Lakini wataalamu walipowafuatilia kina mama waliochomwa na wasiochomwa, hawakuona kwamba sindano ndiyo inayoleta maumivu ya mgongo ya miaka. Mimba yenyewe, kumbeba mtoto, kunyonyesha ukiwa umeinama na kurudi shambani mapema ndivyo vinavyouchosha mgongo. Aidha, ule ugwe wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo huishia juu ya kiuno. Ganzi ya kujifungua huchomwa chini ya hapo, ambapo imebaki mishipa midogo inayoelea majini.

INAVYOFANYA KAZI

Katika sindano ya kutuliza maumivu ya siku nyingi, mara nyingi huchanganywa dawa mbili.

1. Dawa ya ganzi, kama lignokeini. Hii hufunga njia ya habari katika mshipa, hivyo maumivu hayafiki ubongoni. Nguvu yake ni ya saa chache tu.

2. Dawa ya kupunguza uvimbe, ya jamii ya steroidi. Hii hutuliza mshipa uliowashwa. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, na nafuu yake inaweza kudumu majuma kadhaa, pengine miezi michache.

Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupata nafuu siku ile ile, usiku maumivu yakarudi, kisha baada ya siku tatu au nne yakapungua tena. Asikate tamaa usiku ule wa kwanza.

Sindano hizi si za aina moja. Zipo za juu juu, kama ya kifundo cha mkono, ya bega au ya kisogoni. Hizi daktari aliyefundishwa anaweza kuzichoma katika hospitali ya kawaida. Zipo pia za ndani, zinazochomwa karibu na uti wa mgongo. Hizi zinahitaji mtaalamu, chumba safi kabisa, na mashine ya picha ya kumwonyesha ncha ya sindano ilipo. Kwa hizo mgonjwa hupewa barua ya rufaa. Kwa mambo ya mifupa, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, nchi yetu ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Kwa watu wa kanda yetu, safari ya rufaa mara nyingi huanzia hospitali ya mkoa, kisha hospitali ya kanda iliyoko Mbeya. Kabla ya kupanda basi, mwombe daktari wako aulizie kwanza kama huduma hiyo ipo, siku gani, na ni kiasi gani cha fedha.

WAGONJWA WATATU

Tuwasimulie habari za wagonjwa watatu. Majina yao tunayaacha.

Wa kwanza ni mama mshonaji. Kila usiku aliamka vidole vikiwa vimekufa ganzi na kuuma, akavikung'uta mpaka alfajiri. Aliambiwa karogwa, akatumia fedha nyingi. Alipofika kwetu, daktari aliona kwamba mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Akamfunga kibao laini cha kulalia, na baada ya majuma kadhaa akamchoma sindano moja ya kifundo. Mama alilala usingizi. Tulimweleza kwamba maumivu yakirudi, au misuli ya chini ya kidole gumba ikianza kusinyaa, itabidi apasuliwe. Upasuaji wenyewe ni mdogo, wa ganzi tu. Tulimwambia pia apumzishe mkono katikati ya kazi na asishone saa nyingi mfululizo. Sindano ilimfaa kwa sababu ugonjwa ulijulikana kwanza.

Wa pili ni baba mpakiaji wa viazi. Alibeba lumbesa kwa miaka, yaani yale magunia yanayojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka mguu wa kushoto. Alichomwa sindano ya mgongo katika hospitali ya rufaa, akapata nafuu. Siku ya nne alirudi kwenye lori na kubeba kama zamani. "Nimepona," alisema. Baada ya miezi miwili aliletwa akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Sindano haikumdanganya. Ilimpa muda, naye akautumia muda ule kuongeza jeraha.

Wa tatu ni mama mkulima, naye ndiye aliyetufanya tuandike somo hili. Mgongo ulimuuma miezi minane. Kila mwisho wa juma alikwenda dukani kuchomwa sindano mbili takoni, akapata nafuu ya siku mbili tatu. Alikuwa amekonda, jioni alipata homa, na usiku alitoka jasho la kulowanisha shuka. Hakuna aliyemuuliza juu ya hayo. Alipoletwa kwetu alikuwa na kinundu katikati ya mgongo na miguu ilikuwa dhaifu. Alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sindano zile zilimfunika maumivu wakati ugonjwa unamla pingili. Anaendelea na dawa za kifua kikuu, na sasa anatembea kwa fimbo. Angefika miezi sita mapema, huenda fimbo isingehitajika.

Tukiwaweka wagonjwa hawa pamoja tunapata fundisho lenyewe. Sindano ya ganzi hufungua mlango kwa muda mfupi. Kabla ya kuufungua, ni lazima kujua kilichomo ndani. Ukishafunguka, ni lazima kuutumia.

TUSEME UKWELI JUU YA NGUVU YAKE

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana katika mambo yote. Kwa maumivu ya mgongo mtupu, yasiyoshuka mguuni, sindano za uti wa mgongo hazijaonyesha faida ya kutegemewa. Kwa maumivu makali yanayoshuka mguuni, zimewasaidia baadhi ya watu kwa majuma au miezi, lakini baada ya mwaka mara nyingi hakuna tofauti kubwa kati ya aliyechomwa na asiyechomwa. Mwaka 2025 jopo la wataalamu lilitoa mwongozo katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, likishauri kwamba sindano hizi zisitumike kwa maumivu sugu ya uti wa mgongo yasiyotokana na saratani au baridi yabisi. Wapo madaktari wa maumivu waliopinga ushauri huo, wakisema wapo wagonjwa wanaofaidika.

Sisi tunasema hivi: usiikatae kwa hofu, wala usiiendee kama muujiza. Watu wengi wenye maumivu yanayoshuka mguuni hupata nafuu wenyewe katika majuma sita hadi kumi na mawili, kwa dawa za kawaida na kwa kuendelea kutembea.

Kwa wagonjwa wa saratani habari ni nyingine. Mathalani saratani ya kongosho huleta maumivu makali sana tumboni, na mtaalamu anaweza kuuzima mshipa unaohusika kwa sindano ya spiriti ya tiba ili mgonjwa apumzike. Hata pasipo na mtaalamu huyo, ipo dawa ya maji ya mofini, ya kunywa. Familia zisiiogope. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimwui mgonjwa. Humpa usingizi na nafasi ya kuzungumza na watoto wake.

Mkanda wa jeshi nao huacha maumivu ya kuunguza ubavuni baada ya malengelenge kukauka. Mara nyingi dawa ya kwanza ya maumivu hayo si sindano, bali ni vidonge kama amitriptilini, vinavyomezwa jioni kwa ushauri wa daktari. Mwenye mkanda wa jeshi apimwe pia virusi vya UKIMWI, kwa kuwa magonjwa haya mawili mara nyingi hufuatana.

SINDANO ZA DUKANI

Sindano ya takoni inayochomwa dukani, au nyumbani na mtu wa kupita, siyo sindano tunayoizungumzia hapa. Mara nyingi huwa ni diklofenaki iliyochanganywa na deksamethasoni. Haichomwi karibu na mshipa unaouma. Huingia katika damu na kutuliza mwili mzima kwa muda. Diklofenaki ikitumika siku nyingi huleta vidonda vya tumbo, huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Deksamethasoni ikirudiwa rudiwa huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Tena ndani ya tako unapita mshipa mkubwa kuliko yote wa fahamu, unaokwenda mguuni. Asiyefundishwa akichoma mahali pasipo pake anaweza kuujeruhi, na mtu akabaki anaburuta unyayo maisha yake yote. Tumewaona watoto waliopata ulemavu huo kwa sababu ya sindano ya homa. Duka la dawa ni mahali pa kununua dawa. Sindano ichomwe katika zahanati, kituo cha afya au hospitali.

Usafi nao si jambo dogo. Mwaka 2012 huko Marekani dawa ya sindano za mgongo ilichafuliwa na ukungu kiwandani. Zaidi ya watu 700 waliugua na zaidi ya 60 walikufa. Kama hayo yametokea katika nchi yenye vifaa vyote, je, itakuwaje kwa sindano iliyochemshwa kwenye sufuria, au kichupa kilichokaa wazi mfukoni?

KABLA YA KUCHOMWA, MWELEZE DAKTARI

Usione haya. Mwambie daktari au muuguzi ikiwa una jambo lolote kati ya haya:

1. Kisukari. Dawa ya steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo itabidi upime mara kwa mara.

2. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Sindano ya mgongo inaweza kusababisha damu kuvilia ndani na kubana mishipa.

3. Dawa za ARV zenye ritonavir, ambazo hutolewa hasa kwa walio katika mstari wa pili wa dawa. Ritonavir huzuia mwili kuondoa baadhi ya steroidi. Sindano moja tu ya aina hiyo inaweza kukaa mwilini muda mrefu na kuleta madhara makubwa. Katika mikoa yetu ya Iringa, Njombe na Mbeya, ambako wanaotumia ARV ni wengi, jambo hili lisisahaulike. Beba kadi yako. Siri yako itatunzwa. Wala usiache ARV kwa ajili ya sindano.

4. Homa, jipu, au kidonda mahali panapotakiwa kuchomwa.

5. Mimba, au ikiwa dawa ya ganzi iliwahi kukudhuru, hata kwa daktari wa meno.

Uliza pia maswali haya matatu: Ugonjwa wangu ni nini? Sindano hii itanisaidia kwa muda gani? Isiponisaidia, kitafuata nini? Daktari mwema hachukii kuulizwa.

BAADA YA KUCHOMWA

Nenda na mwenzako wa kukusindikiza. Mguu unaweza kuwa dhaifu kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe gari, baiskeli wala bodaboda. Kama ni mkono uliokufa ganzi, usishike sufuria ya moto wala usikaribie jiko la mkaa, maana unaweza kuungua bila kusikia.

Nafuu ikija, anza kuutumia muda wako. Tembea kila siku, kidogo kidogo, ukiongeza. Zamani sisi wauguzi tuliwaambia wagonjwa walale chali juu ya ubao majuma mengi. Tulifundishwa hivyo, na tulikosea. Kulala sana hudhoofisha misuli inayoushika mgongo. Mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno, yakielekezwa na mtaalamu wa viungo, hudumu kuliko sindano.

Badili namna ya kufanya kazi. Unapoinua mzigo, kunja magoti, uusogeze karibu na kifua, wala usijipinde na mzigo mkononi. Tengeneza jembe lenye mpini mrefu. Gawa maji katika ndoo mbili ndogo badala ya moja kubwa. Dereva ashuke kwenye lori kila baada ya saa mbili na kutembea kidogo. Na lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza kwa kuwa inampunja mkulima, inavunja pia mgongo wa mpakiaji. Gunia lisizidi kilo 100, na hizo zibebwe na watu zaidi ya mmoja.

DALILI ZISIZONGOJA

Mwenye maumivu ya mgongo afike hospitali haraka, asingoje sindano wala siku ya kliniki, akiona mojawapo ya haya:

- Mkojo umekataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila yeye kujua.
- Ganzi katika mapaja ya ndani na sehemu za siri, pale panapogusa tandiko la baiskeli.
- Miguu inazidi kudhoofika.
- Homa, kukonda, jasho la usiku, au kikohozi kisichoisha.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali.
- Aliwahi kuwa na saratani.
- Maumivu hayatulii hata akilala, na usiku yanazidi.

Tatu za kwanza ni za siku ile ile. Mshipa uliobanwa hivyo ukiachwa siku kadhaa, hata upasuaji huenda usiurudishe. Kwa mgonjwa huyo upasuaji si wa kuukimbia.

Aliyekwisha kuchomwa sindano naye arudi mara moja akipata homa, maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa, usaha mahali pa sindano, au udhaifu wa mguu usioisha siku ya pili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Maumivu yanayopita miezi mitatu ni ugonjwa wa kweli. Mgonjwa asidharauliwe.
2. Ugonjwa ujulikane kwanza, ndipo sindano ifuate.
3. Sindano hutuliza kwa muda, na muda huo ni wa kutembea, kufanya mazoezi na kubadili namna ya kubeba.
4. Sindano ya dukani siyo sindano ya mshipa wa fahamu, na inaweza kudhuru.
5. Mkojo ukikataa au miguu ikilegea, nenda hospitali leo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika familia yetu ni nani anayeumwa siku nyingi, na mara ya mwisho alipimwa lini?
2. Ni kazi gani nyumbani kwetu inayomwelemea mtu mmoja, nasi tunaweza kuigawana?
3. Je, yupo jirani anayechomwa sindano dukani kila juma? Nani atakwenda kuzungumza naye kwa upole na kumsindikiza hospitali?

Swali hilo la tatu lisiishie katika kikao. Yule mama mkulima wa miezi minane alikuwa na majirani, nao wote walijua kwamba anachomwa sindano kila juma. Mmoja tu angemshika mkono na kupanda naye daladala hadi hospitali, angemwokolea miguu yake.